Mwandishi Namba Tisa

4 Februari

Kwa Mwandishi Namba Tisa,

Hadithi yako imepita. Kati ya hadithi sitini na tatu zilizoletwa kwa ajili ya mkusanyiko wetu wa waandishi wanawake, tumechagua kumi na mbili, na yako ni mojawapo. Usishangilie bado. Soma kwanza yafuatayo.

Chama chetu husoma bila majina. Kila mwandishi ana namba, na daftari la majina limefungwa kwa lakiri na kuwekwa kwa karani wa mchapaji, ambaye ndiye anayeandika anwani kwenye bahasha zetu. Mimi silifungui mpaka siku kitabu kinapokwenda mitamboni. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, na ninajua jinsi jina linavyoharibu macho ya msomaji.

Sasa makosa. Aya ya pili imejaa maneno; futa nusu. Neno "ghafla" umelitumia mara kumi na moja katika kurasa saba. Mambo yakitokea ghafla mara kumi na moja, hakuna tena la ghafla. Jambo kubwa ni hili: msichana wako mdogo anaingia katika chumba cha kujaribia nguo kuvaa gauni la kwanza maishani mwake. Dada yake amesimama nje, ameshika pazia lisilofika ukingoni. Naye msichana anatetemeka kana kwamba mwenye duka akimwona, atakufa. Hofu hiyo imezidi kipimo. Ni gauni tu. Ipunguze.

Nasubiri nakala safi katika muda wa wiki mbili.

Mhariri


11 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Umesema umefundisha, basi niruhusu nikuite hivyo. Barua yako ilinifikia kazini, na kwa furaha nikaharibu kazi ya mteja, ikabidi nianze upya.

Aya ya pili nimeikata. "Ghafla" zimebaki mbili, na hizo nitazipigania. Hofu siipunguzi.

Samahani kwa ukaidi. Nimejaribu mara tatu kuipunguza, na kila nikiipunguza, dada anayeshika pazia anabaki hana kazi. Yeye ndiye hadithi yenyewe. Anaongea na mwenye duka kwa sauti kubwa kuhusu vifungo: vya mbao, vya shaba, vyenye matundu mawili, vyenye matundu manne, mpaka mwenye duka anachoka na kusahau kwamba kuna mtu ndani. Hakuna anayeongea hivyo juu ya vifungo bila sababu. Msichana asipoogopa, dada mtu ni mpiga soga tu.

Namba Tisa


20 Februari

Kwa Mwandishi Namba Tisa,

Nimeisoma tena, safari hii kwa sauti, nikiwa peke yangu sebuleni. Umeshinda. Iache hofu ilivyo.

Nitakuambia jambo ambalo halihusu uhariri. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, shangazi yangu alinivalisha gauni la kiutu uzima na kunisimamisha mbele ya kioo. Wote walisema nimependeza. Mimi nilitaka kukimbia, kwa sababu niliona gauni lile limekwisha kusema jambo juu yangu ambalo mimi mwenyewe sijapata nafasi ya kulisema. Sikuwahi kumwambia mtu. Nimeliona kwenye ukurasa wako wa nne, nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Katika ripoti yangu kwa kamati nimeandika hivi: "Hadithi Namba Tisa ingeweza kuandikwa na mwanamke tu." Nimepiga mstari chini yake.

Mhariri


2 Machi

Kwa Mwandishi Namba Tisa,

Nakuandikia kwa uchovu. Sina mwingine kati ya wale kumi na wawili ninayeamini akili yake kama yako, nami nahitaji jicho la pili.

Katibu wetu ameletewa habari na mtu wa mtaani kwake kwamba mmoja wa waandishi wetu si mwanamke. Yaani, alizaliwa na kulelewa kama mwanaume, na sasa anaishi kama mwanamke. Inasemekana ni mtu wa kazi za ufundi. Jina hatukuambiwa, na hata tungeambiwa, daftari limefungwa.

Kamati ilikaa saa tano nzima. Wajumbe walisoma hadithi zote kumi na mbili upya wakimtafuta. Katibu akasema, "Ni Namba Nne. Nani mwingine?" Namba Nne ni hadithi ya lori linalokufa injini mlimani na mwanamke anayelitengeneza peke yake kwenye mvua. Haina chozi hata moja. Nilikubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mkono wake ni mzito. Basi kamati ikamwandikia, kupitia kwa karani, alete cheti cha daktari.

Nakuletea nakala ya hadithi hiyo. Isome kwa haki. Je, nawe unasikia sauti ya mwanaume?

Mhariri


9 Machi

Kwa Mama Mhariri na kamati yako nzima,

Barua yenu imenikuta chini ya lori, kwa hiyo mkiona grisi humu msidhani ni dharau. Dharau iko kwenye maneno.

Mnataka cheti kwamba mimi ni mwanamke. Nina watoto watano. Niwalete wote waje kushuhudia, au mmoja atatosha? Yule wa mwisho nilimzaa ndani ya lori hilohilo nililoliandika, na mkunga hakuniomba cheti, aliniomba nisogeze spana ili apate pa kukaa.

Mnasema mkono wangu ni wa kiume. Nani kawaambia kuwa injini ina jinsia? Mlitaka yule mwanamke alie kwanza, halafu ndipo afungue kichujio cha dizeli? Angelia, mvua ingemkuta palepale na lori lingerudi nyuma na kuua watu. Ninyi mabibi mmesoma sana, lakini hamjawahi kukwama.

Hadithi yangu itoeni. Sitaki kukaa kwenye kitabu ambacho mlangoni watu wanapapaswa.

Na huyo mnayemtafuta, nitamsemea neno moja ingawa simjui. Kama mimi mmenitenda hivi kwa kukosea, yeye mtamtenda nini mkipatia?

Mama Kokoto
(Ndivyo wanavyoniita machimboni. Namba yenu chukueni.)


16 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Uliniletea hadithi ya Namba Nne ukaniuliza kama nasikia sauti ya mwanaume. Kisha ukaniletea na barua yake, bila neno lako hata moja. Nakujibu yote mawili kwa pamoja.

Mnayemtafuta ni mimi.

Nilipozaliwa, mkunga alisema ni mtoto wa kiume, na watu wakamsadiki. Mimi sikuweza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili siku niliyoingia katika kile chumba cha kujaribia nguo. Ninyi ndio mliosema ni msichana mdogo. Sikuandika umri. Dada yangu ndiye aliyeshika pazia, na vile vifungo aliviuliza kweli, kimoja kimoja, na tukarudi nyumbani na gauni la buluu na vifungo sita ambavyo havikuwa na nguo ya kushonewa.

Ufundi wangu ni wa miwani. Nina meza, taa, bisibisi ndogo kuliko sindano, na kibao mlangoni. Wateja huniita Fundi Miwani au dada. Baadhi yao huniita vingine wakishatoka.

Ningeweza kunyamaza. Nimejaribu siku nne. Ningekuwa kwenye kitabu kati ya hadithi ya nane na ya kumi, mmenipigia mstari chini, na mama mmoja wa watu angebeba aibu yangu kwa sababu tu ameandika habari za dizeli. Sikuweza kula.

Usiniambie nilidanganya. Tangazo lilisema waandishi wanawake. Nilileta hadithi.

Mwalimu, mimi ni msomaji tangu utotoni. Katika vitabu nilivyosoma, mtu kama mimi huingia ili watu wacheke, au ili mume wa mtu adanganyike, au hufa kurasa tatu kabla ya mwisho ili wengine wajifunze huruma. Sijawahi kumwona akinunua gauni na kurudi zake nyumbani. Ndiyo maana nikaandika.

Waambie kamati ni mimi. Nakuomba jambo moja tu: hadithi ibaki ilipo, na wewe uliyeisema vizuri bila kujua, uiseme vizuri ukijua.

Fundi Miwani, ambaye ni Namba Tisa


2 Aprili

Mwalimu,

Wiki mbili na nusu. Karani anasema barua yangu uliipokea siku ya pili yake, na kwamba uliisoma umesimama pale kaunta, ukaikunja, ukaondoka bila kuchukua mwavuli wako.

Kama ni matusi, niletee. Kimya sikiwezi.

Fundi Miwani


10 Aprili

Kwa Mwandishi Namba Tisa,

Umetaka jibu; hili hapa, nalo halitakupendeza.

Nilikasirika. Nilikueleza habari za shangazi yangu nikidhani naongea na mwanamke aliyepita nilipopita. Siku kadhaa nilijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa hajavaa. Kisha nikakumbuka ni nani hasa katika barua hizi aliyekuwa nyuma ya pazia, hasira ikaniisha, kikabaki kichwa kuuma.

Kamati imekaa. Tuko saba. Katibu alisema kwamba jambo hili haliko katika utamaduni wetu, na kwamba wazazi wataacha kuwanunulia binti zao kitabu. Mjumbe mmoja akamuuliza, "Hadithi ni mbaya?" Akasema, "Nzuri, ndiyo tatizo." Mwishowe wakapendekeza hivi: hadithi yako itoke mwishoni mwa kitabu, baada ya zote, chini ya kichwa "Nyongeza", pamoja na maelezo ya Katibu kuhusu wewe ni nani. Picha yako na maneno juu ya mwandishi havitakuwamo.

Watano waliunga mkono. Mmoja alipinga. Mimi sikuinua mkono upande wowote.

Ningeweza kukupa sababu. Nina miaka sabini na mmoja. Wanafunzi wangu wa zamani ni wakuu wa shule, na wengine ni wazee wa ibada. Nimejengewa jina la mtu asiyeteleza. Lakini nimefundisha watoto kutofautisha sababu na kisingizio, na nikizisoma hizi naona ni za aina gani.

Nijulishe kama unaikubali Nyongeza.

Mhariri


17 Aprili

Mdogo wangu Namba Tisa,

Barua yako ya kuniomba radhi imefika kupitia kwa karani. Radhi ya nini? Mwizi kaiba kuku, wewe uliyeibiwa jogoo ndio unaniomba radhi mimi? Acha hayo.

Nitakuambia ukweli, mambo yako siyaelewi yote. Nilimuuliza binti yangu mkubwa, akanieleza, nikamwambia rudia, akarudia, akachoka akasema, "Mama, kwani lazima uelewe?" Nikaona anasema kweli. Gari la mtu mwingine silielewi pia, na bado nalivuta likikwama.

Sasa sikiliza. Umesema wamekupa kiti cha nyuma kabisa, na kibao shingoni. Usikubali. Mimi nina tabia ya kusoma kitabu cha gari kabla ya kufungua injini, basi nimemwomba karani katiba ya chama chao. Kifungu cha kumi na nne: mkutano mkuu wa wanachama unaweza kupindua uamuzi wa kamati, ila hoja lazima itolewe na mjumbe wa kamati. Mkutano ni Jumamosi, tarehe tatu Mei. Kwa hiyo tunahitaji mdomo mmoja tu kati ya ile saba. Yule mmoja aliyepinga nimeshamuulizia, amelazwa, anafanyiwa upasuaji wa nyonga wiki hiyohiyo. Amebaki bibi yako asiye na mkono.

Hadithi yangu nitairudisha siku yako ikirudi mahali pake. Nimewaandikia hivyo.

Halafu umesema ni fundi miwani. Yangu imevunjika mkono mwaka wa pili huu, nimeifunga kwa waya wa breki. Watu wanacheka. Nitapita.

Mama Kokoto


22 Aprili

Kwa Fundi Miwani,

Karani ameniletea jibu lako la mstari mmoja: "Nyongeza siitaki, na hadithi siiondoi." Nimekuelewa.

Nami nimechukua hatua. Leo asubuhi nimeiarifu kamati kwamba naondoa utangulizi wangu. Ni kurasa kumi na mbili, kazi ya miezi minne, na ndani yake nilikuwa nimeandika juu ya hadithi yako zaidi ya nyingine yoyote. Kamati imesema kwamba usipoikubali Nyongeza hadithi yako itatolewa; basi kitabu kitatoka bila hadithi yako na bila maneno yangu. Jina langu halitakuwa juu ya jambo nisiloliamini.

Najua si haki kamili. Ni kile nilichokuwa nacho mkononi. Natumaini utakiona.

Mhariri


26 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Nimekiona, na nimekasirika kuliko siku ya Nyongeza.

Ukiutoa utangulizi, nani kafaidika? Katibu atafurahi: alitaka kuondoa kitu kimoja, umemwondolea viwili. Msomaji atafungua kitabu, hatajua kwamba nilikuwapo wala hatajua kwamba ulinitetea. Utakuwa umebaki msafi chumbani kwako, nami nimebaki nje. Sikukuomba ujitoe. Watu wanaojitoa kwa ajili yangu ninao wengi: mjomba alijitoa kwenye sherehe za familia ili asilazimike kusema kama nialikwe au nisialikwe, na wote walimsifu kwa busara. Nilikuomba uniseme vizuri ukijua. Ulichotakiwa kufanya ni kuinua mkono.

Mwanzoni nilikuandikia kama mwanafunzi, kwa sababu nilifurahi mno kusahihishwa na mtu anayesoma kweli. Hujui ni kitu gani kwangu, Mwalimu, mtu kunikatia maneno yangu tisa ya "ghafla" na asiwe na neno la kusema juu ya mwili wangu. Zile wiki tatu nilikuwa mwandishi mwanamke kama wengine kumi na mmoja. Sasa unaniambia nikumbuke wiki hizo kwa shukrani na nikae kimya.

Mama Kokoto alikuja jana, na waya wake wa breki. Nilipokuwa natengeneza ile miwani alisema, "Basi nisomee, maana sioni." Nikamsomea hadithi yote. Palikuwa na wateja wawili wakisubiri, mama wa makamo na binti mmoja mwenye sare ya hospitali. Nilipofika kwenye vifungo yule mama akasema, "Dada kama huyo mimi sina." Nilipomaliza, binti wa hospitali akauliza gauni lilikuwa rangi gani hasa, buluu ya bahari au buluu ya wino. Tukabishana. Mama Kokoto akasema buluu ni buluu, wakamzomea. Hakuna aliyeuliza hadithi iwekwe wapi.

Kwa hiyo utangulizi wako urudishe, na hoja uitoe wewe. Karani amekwisha kukuonyesha kifungu cha kumi na nne, najua, na mjumbe mwingine hatuna. Mkutano ni tarehe tatu, saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwapo, mstari wa kwanza, kwa gauni na kwa uso wangu, kwa mara ya kwanza mbele ya watu ambao wamekwisha kuambiwa mimi ni nani. Mama Kokoto atakaa upande wangu wa kushoto. Amesema atakuja na ovaroli, liwalo na liwe. Ninaogopa, na hofu hii usije ukaniambia imezidi kipimo.

Ukishindwa kuinua mkono, basi ushindwe ukitutazama.

Fundi Miwani


29 Aprili

Kwa Fundi Miwani,

Barua yako ilifika asubuhi. Niliisoma mara moja tu. Haikuhitaji mara ya pili.

Utangulizi nimeurudisha. Katibu alinijia nyumbani mchana na kuniuliza kama nimerukwa na akili katika uzee wangu. Nikamwambia akae anywe maji. Akasema tutashindwa. Inawezekana. Wanachama ni themanini na sita, na nimefundisha karibu nusu yao. Nawajua wanaoogopa na nawajua wanaojifanya kuogopa. Sikuahidi ushindi.

Kuna kosa moja katika barua yako. Kwa mujibu wa kanuni za mkutano mkuu, mtoa hoja hainui mkono kutoka kitini. Huenda mbele, husimama mahali anapoonekana na wote, hutaja jina lake kamili, na kusema.

Nitasimama.

Mhariri